Nyama ya ngamia na mpira: hoteli moja ya Eastleigh

Nianze na tumbo. Supu huletwa kabla hujaagiza, kwenye kikombe cha chuma, moto wa kubabua ulimi, na nusu ya ndimu pembeni. Hailipiwi. Kisha wali wa viungo wenye zabibu kavu, nyama ya ngamia iliyochemshwa hadi ikalegea halafu ikakaangwa kidogo, na ndizi mbivu ambayo wageni huisogeza kando wakidhani ni ya kumalizia. Imenye, ikatekate juu ya wali, tia pilipili ya kijani, ule pamoja. Omba kipande chenye mafuta ya nundu. Usipoomba, atapewa mteja wa kila siku. Sahani ni shilingi 700 na inashibisha wawili wasio walafi.

Hoteli iko ghorofani, nyuma ya Jam Street, mtaani Eastleigh, Nairobi, juu ya maduka ya mapazia. Jina lake silitaji kwa sababu mzee nitakayemsimulia hapa hakuniomba nimtangaze. Panda matatu ya namba 6 au 9, gari liache nyumbani. Ukiuliza wauza mapazia habari ya ngamia na runinga kubwa, watakuelekeza.

Runinga ndiyo kasoro yao kuu. Imetundikwa juu ya masinki ya kunawia mikono, na aliyekata shauri hilo bila shaka si mtu wa mpira. Tarehe 10 Agosti 2025, Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walipokutana na Morocco kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Ryan Ogam alifunga dakika ya 42 huku mimi natazama mgongo wa jamaa anayesugua kucha. Bao lenyewe nililiona kwenye marudio. Sauti nayo hushindana na feni, na feni hushinda.

Kinachonirudisha pale ni mazungumzo. Kwenye baa nyingi za mjini ukigusa siasa wakati wa mechi utaambiwa uache watu watazame mpira. Hapa nani anacheza, nani kajenga uwanja na nani kalipa ni maneno ya meza moja. Siku ile, wakati wa mapumziko, tukiwa tumebaki kumi uwanjani kwa kadi nyekundu na roho juu, kamera ilizunguka majukwaa ya Kasarani yaliyofurika jezi nyekundu. Kijana mmoja akamuuliza mzee wa keshia mbona hakwenda uwanjani siku kama hiyo.

"Nilishakwenda," akasema, akiendelea kupanga noti.

"Lini?"

"2014."

"Nani alicheza?"

"Sisi."

Waliokuwa karibu na keshia wakacheka, wale wa umri wake. Kijana hakuelewa, ikabidi aelezwe. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, polisi walianzisha Operesheni Usalama Watch. Waliingia Eastleigh usiku, nyumba kwa nyumba, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, Wakenya na wakimbizi, wakakamatwa. Wengi walipelekwa Kasarani wakachunguzwe vitambulisho. Ndiyo, Kasarani hii hii iliyojengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Mzee alikuwa na kitambulisho mfukoni. Alisema kilichomuudhi zaidi ni kwamba afisa alikitazama, akakirudisha, kisha akamwambia apande lori.

Hapo nikakumbuka Santiago. Biashara ya parachichi ilinifikisha Chile, na mwenyeji wangu akanipeleka Estadio Nacional. Baada ya mapinduzi ya Septemba 1973, jeshi la Jenerali Pinochet, aliyetwaa madaraka, liligeuza uwanja huo jela. Watu waliteswa humo, wengine wakauawa. Wajumbe wa FIFA walikwenda kukagua, wakaridhika kwamba mechi inaweza kuchezwa. Umoja wa Kisovyeti ukakataa kwenda kucheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Tarehe 21 Novemba, Wachile waliingia peke yao, wakapasiana hadi langoni na kufunga bao kwenye goli lisilo na mpinzani. Leo, nyuma ya goli moja, kuna kipande cha jukwaa kilichobaki na mabenchi ya mbao ya enzi ile. Viti vyote vinavyokizunguka ni vya plastiki, vipya. Mbao zile zimepauka na kupasuka, zimezungushiwa uzio, na hata uwanja ukijaa hakuna anayekaa pale.

Sifananishi idadi ya waliokufa. Yaliyotokea Chile ni makubwa mno. Ila wao wametenga mahali. Kasarani nimeingia mara nyingi na sijaona hata kibao kinachotaja Aprili ile.

Kijana alijaribu kusema michezo na siasa visichanganywe. Mteja mmoja, shabiki wa riadha wa zamani, akamkata: mwaka 1976 Kenya yenyewe iligomea Olimpiki ya Montreal, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki baada ya timu yake ya raga kuzuru Afrika Kusini ya makaburu. Mike Boit alikosa mbio zake za mita 800, Henry Rono akakosa zake. "Wale walilipa kwa miguu yao," akasema. Kisha mhudumu, aliyekuwa akifuta meza, akauliza je, 2034, Kombe la Dunia likichezwa Saudi Arabia ambako dada zetu wanafanya kazi za ndani, sisi tutagomea nini? Mechi ikaanza tena kabla hajajibiwa. Tulishinda 1-0, na chai ikamwagika mezani kwangu.

Chai yenyewe iagize ya maziwa ya ngamia, yenye iliki na tangawizi. Ina uchumvi kidogo na ukiizoea utaiona ya ng'ombe ni nyepesi. Sambusa ni za kawaida. Choo ni kisafi, wanawake wana eneo lao lenye pazia lakini hawalazimishwi kukaa humo, na malipo ni kwa M-Pesa au taslimu. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 tumepewa sisi, Uganda na Tanzania, kwa hiyo nafasi zitakuwa haba: fika saa nzima kabla ya kipenga na uchukue meza ya dirishani, upande wa kushoto, ambako wanaonawa hawakuzibi. Nimewaambia wahamishe runinga. Mzee amesema atafikiria.