Mkanda wa mpira au taiti ya kubana tumbo, ununue kipi?

Shoga kama una sendofu na gauni limeshashonwa, swali ni hilo tu. Mkanda wa mpira, ule wa kulabu mistari mitatu, unakata kiuno kwelikweli, ukifunga tu unajiona, ila kwa joto hili la Dar mpira haupitishi hewa, jasho linakushuka mgongoni, ukikaa vile vyuma vya ndani vinakuchoma chini ya matiti, halafu nyama zote zinakimbilia juu ya mkanda na kwenye gauni laini kulabu zinaonekana hadharani. Wauzaji watakwambia unayeyusha mafuta, wapi, hilo ni jasho, ukinywa maji linarudi. Mwenye aleji ya mpira ndo asiuguse kabisa.

Taiti ya nailoni na spandeksi, ile inayopanda mpaka chini ya sidiria, haikupi kiuno cha nyigu tuseme ukweli, ila inalainisha tumbo na mapaja na pilau unakula. Shida yake kujikunja kiunoni, kwa hiyo igeuze ndani kwanza uone kama ina utepe wa silikoni. Na choo jamani! Tafuta yenye uwazi chini, utanishukuru.

Saizi usishushe ukidhani itabana zaidi, itajikunja tu, pima kiuno na hipsi kwa futi ya fundi. Mi shughuli ya kukaa masaa navaa taiti, mkanda labda wa kupigia picha.