TAHADHARI: "Wakili" anayezunguka wodi za mifupa hapa Dar ni kishoka

Mume wangu, Baba Zai, aliumia mguu kwenye ajali ya daladala, akalazwa. Leo nawaambia kuhusu huyu mwizi.

Alitukuta wodini saa ya kuona wagonjwa. Suti nyeusi, kwapani bahasha za kaki zenye mihuri. Alianza na mama mkwe: "Shikamoo mama, pole na mgonjwa," akaketi naye, akamuuliza habari za Muheza, akamletea na uji. Ndipo akanigeukia: "Dada, ile daladala ina bima, mkizubaa mwenye gari anayamaliza chinichini." Namba ya gari anaijua. Kituo kilichotoa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, anakijua. Akapiga simu mbele yangu, akaweka spika, mtu wa "bima" akaitika: "Ndiyo mheshimiwa wakili, faili lipo mezani." Mimi niko Kariakoo miaka yote, matapeli nawaona kila siku, lakini huyu alijua mambo ambayo hata shemeji zangu hawayajui! Nani angemtilia shaka, mume kafungwa vyuma na kodi inadaiwa?

Malipo yake eti baada ya bima kulipa, ila ya kufungulia jalada laki tatu na nusu. Nikauza cherehani. Akaondoka na PF3 halisi na ripoti ya daktari, akatusainisha karatasi ya kupokea fidia kwa niaba yetu. Akatukataza kwenda bima wala polisi, "mtaharibu kesi." Basi, simu ikawa haipatikani tena. Namba ya kesi aliyotupa nimeipeleka mahakamani: mirathi ya watu wengine kabisa! Nilitamani ardhi inimeze mbele ya karani. Na mama mkwe bado ananiuliza, "Wakili wetu hajambo?"

Afungwe huyu! Kujifanya wakili ni kosa la jinai, na kumwibia mtu aliyelala na vyuma mguuni ni unyama. RB, namba ya taarifa ya polisi, ninayo. Mwenye picha yake anitumie inboksi.

Muamala ulileta jina la mwanamke. Risiti hakutoa. Ofisi yake hatukuiona, kila mara tukutane hotelini. Jina la wakili litafute kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, unaona hapohapo kwenye simu kama leseni yake iko hai. La huyu halimo. Na hata likiwemo, muulize kama anashika kesi za ajali na bima, maana wengine kazi yao ni viwanja na mirathi. Bima ya gari hakiki mwenyewe TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima. Wakili mpe kopi za hati, halisi baki nazo. Kesi ya kudai fidia ya kuumizwa kwa uzembe sheria inakupa miaka 3 kuifungua, kwa hiyo hakuna haja ya kusaini chochote kitandani. Usiye na hela nenda LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), au TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) kwa kina mama, wana msaada wa kisheria.

Nimeambiwa juzi kaonekana tena wodi ya wanaume, na bahasha zilezile. Mwenye ndugu aliyelazwa kwa ajali, mpigie sasa hivi, mwambie asisaini kitu.