Mpango wa kufadhili wasichana, Shinyanga: nyota nne

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016, basi hela yangu inakwenda wapi? Bweni, godoro, tranka, sare, taulo za kike. Nimeridhika. Binti ninayemlipia, ng'ombe wa mahari walishafika zizini kwao. Mratibu, mama asiyeogopa wazee, alikaa na baba mtu akamkumbusha: kumuoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Ng'ombe wakarudishwa. Nadhani kifungo kilimgusa kuliko elimu, lakini potelea mbali.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya likizo. Shule ikifungwa wasichana hurudi nyumbani bila wa kuwafuatilia, na washenga kalenda wanaijua. Risiti nazo huchelewa. Nitaendelea kulipa.