Uzi wa Ujerumani, Koni ya Bei Nafuu na Kipande cha Kitambaa Cheusi

Watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nina hasira, na chanzo chake ni hiki hapa kiganjani: vumbi jeupe nililolitoa kwa brashi ndani ya kasha la bobini la cherehani yangu baada ya kushona mashuka mawili tu kwa koni mpya ya uzi, ambayo niliinunua kwa sababu lebo yake imeandikwa kwa herufi kubwa "Ubora wa Kijerumani". Kampuni sitaitaja. Isomeni tu lebo yenyewe kwa makini, mtaona kwamba haisemi popote kuwa uzi huu ulitengenezwa Ujerumani. Inausifu ubora, na sifa ya namna hiyo huchapwa na yeyote mwenye karatasi na wino.

Urefu na rangi nitaviruka, na wengi wenu mnajua kwamba kwa unene, uzi wa namba 120 ndio wa nguo za kawaida, yaani takriban gramu 25 kwa kila mita 1,000. Ninachotaka mkione ni manyoya. Nimetandika kitambaa cheusi, kushoto nimelaza uzi wa koni na kulia uzi wa Gütermann, chapa inayojulikana kuwa ya Ujerumani, na lenzi mpya ya chaneli yetu, ambayo mliniuliza sana ilikuwa ya kazi gani, kazi yake ndiyo hii. Tazameni wa kushoto ulivyosimamisha nywele kila upande kama kiwavi, halafu hapa unanenepa ghafla na hapa unakonda. Wa kulia nao una manyoya, sitawaficha, ila ni mafupi na yamelala.

Sasa naufumua wa kushoto. Nauzungusha kinyume cha msokoto wake hadi nyuzi zake zinatengana, nachukua moja, naishika kwa urefu wa shubiri, kisha naendelea kuizungusha taratibu bila kuivuta. Mmeona? Haikukatika, imeachana yenyewe. Poliesta ya aina hii husokotwa kutokana na vipande vifupi, mara nyingi vya milimita 38 hivi, na kinachovishikamanisha ni msokoto peke yake. Msokoto ukilegea au vipande vikiwa vifupi mno, ncha zake hutokeza nje, na hizo ndizo nywele mlizoziona. Uzi huu wa tatu ni wa kiini. Nikiufumua vivyo hivyo, ganda lake linafunguka na kuwa pamba tupu, lakini ndani unabaki utepe mwembamba usiokatika, ambao nikiuvuta unaniachia alama kidoleni.

Wenzangu wanaochambua nyuzi hupenda kuzivuta kwa mikono miwili na kuutawaza ule uliochelewa kukatika. Jaribio hilo linavutia macho, lakini cherehani haivuti hivyo. Kabla ya kutulia katika mshono, kipande kilekile cha uzi hupita katika tundu la sindano makumi ya mara, kikienda na kurudi na kusuguliwa, na kila nywele inayong'oka huangukia kwenye bobini. Tena uzi ukizidi nguvu za kitambaa, siku ya kuchanika kitachanika kitambaa, na heri mshono, kwa kuwa mshono hurudiwa.

Kuhusu nchi, nilipoanza kurekodi nilitaka kuwaambia mnunue wa Ujerumani tu, lakini kadiri ninavyozungumza naona kauli hiyo inanishinda. Gütermann yenyewe ilianzia Vienna mwaka 1864 kabla ya kuhamia Gutach, Ujerumani, na mwaka 2014 ilinunuliwa na American & Efird ya Marekani. Coats, kampuni nyingine ya uzi, ilikulia Paisley, Uskoti. Viwanda vya uzi vya Paisley vimefungwa, ila jina lingali madukani na uzi wake hutengenezwa katika nchi nyingi. Zaidi ya hayo, poliesta yaweza kutoka nchi moja, ikasokotwa ya pili, ikatiwa rangi ya tatu na kuzungushwa kwenye rili ya nne, ilhali lebo kwa kawaida ina nafasi ya nchi moja tu.

Ukigawanya bei kwa mita, rili ya kulia ni ghali mara kadhaa kuliko koni, na siwezi kumlaumu fundi wa mapazia anayekwepa gharama hiyo. Hata hii koni niliyokusudia kuitupa nimeihurumia: nitaipigia bandi, yaani mshono wa muda, kwa sababu bandi hufumuliwa siku hiyohiyo. Kwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, siiweki, kwani huko nyuzi tatu au nne hukimbia pamoja na vumbi lake ningelila mimi.

Video ijayo ni ya sindano, kama mlivyoomba. Kabla ya hapo, nendeni dukani na kitambaa cheusi, mwombe muuzaji awafungulie shubiri moja ya uzi, kisha mniandikie hapa chini mlichokiona pamoja na nchi iliyo kwenye lebo.