Uzoefu wangu wa kubadilisha solenoidi ya kudhibiti shinikizo la tabo

Gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne, lita 2.0, yenye tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), na kwa miaka mitatu nililiendesha kama lilivyotoka kiwandani. Kilichonikera si uchache wa nguvu bali uvivu wake: nikikanyaga mafuta kwenye gia ya tatu, shinikizo lilipanda polepole, likafika bar 0.7 injini ikiwa tayari kwenye mizunguko 3,400 kwa dakika, kisha likaanza kulegea kabla sijabadilisha gia. Niliamua kung'oa solenoidi ya kiwandani, yaani vali ya umeme inayofungua na kufunga njia ya hewa, yenye milango miwili na kufunga ya milango mitatu, inayoendeshwa na kompyuta ileile ya injini baada ya programu yake kurekebishwa.

Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi, na westigeti ni kilango kinachoufungulia moshi huo njia ya pembeni ili tabo isipitilize. Kilango hicho husukumwa na hewa ya tabo yenyewe, huku springi ikikizuia. Kwenye gari langu springi huzidiwa shinikizo likifika bar 0.5. Solenoidi ya zamani huvujisha sehemu tu ya hewa hiyo, kwa hiyo kilango huanza kufunguka mapema na moshi hupotea bure wakati tabo ndiyo kwanza inachanganya. Ya milango mitatu huweza kuizuia hewa kabisa isifike kwenye westigeti mpaka shinikizo likaribie kiwango kilichopangwa. (Anayetaka shinikizo la chini kuliko nguvu ya springi asihangaike nayo, hilo haliwezi.)

Kuifunga ni kazi ya mipira mitatu na nyaya mbili, lakini fundi wa kwanza aliikosea. Nilipolijaribu gari, mshale wa geji ulipita bar 1.2 bila kusita, kompyuta ikakata mafuta, nami nikarushwa mbele hadi mkanda ukanibana kifua. Niliifungua solenoidi mwenyewe na kuipuliza kwa mdomo ikiwa haina umeme. Hewa ilipita kati ya mlango aliounganisha na westigeti na ule wa kutolea hewa nje, ilhali ilipaswa kupita kati ya westigeti na hewa inayotoka kwenye tabo, ili hata umeme ukikatika kilango kiendelee kufunguka. Nilipoipanga upya mipira, nilikuta ndani ya mmoja wa ile ya zamani kizibo kidogo cha shaba chenye tundu jembamba kama la sindano. Kizibo hicho ni cha mfumo wa kiwandani, na kwenye mfumo mpya huichelewesha hewa tu. Nilikitoa.

Aliyerekebisha programu alianza kwa kuipa solenoidi umeme kwa asilimia 20 ya muda, akaongeza tano tano, na kila mara akasoma uwiano wa hewa na mafuta pamoja na ishara za injini kugonga, yaani mafuta kujilipukia yenyewe ovyo ndani ya silinda. Kwa petroli ya okteni 95 tuliishia bar 0.9, kwa sababu kwenye 1.0 dalili za kugonga zilianza kujitokeza, nami sikutaka kubishana nazo. Injini pia ilikuwa inakosa moto shinikizo likiwa juu, tatizo lililoisha tulipopunguza mwanya wa plagi kutoka milimita 0.8 hadi 0.7.

Sasa shinikizo hufika 0.9 kwenye mizunguko 3,000 na kubaki hapo hadi 6,000. Kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa kwenye gia ya tatu, muda umepungua kutoka sekunde 6.1 hadi 5.2, wastani wa majaribio sita kwenye uwanja uliofungwa. Ninachokifurahia zaidi ni kwamba mguu wangu na injini sasa vinaelewana: nikigusa mafuta, nguvu ipo.

Solenoidi hii ina kelele, tak-tak-tak iliyosikika hadi ndani ya gari mpaka nilipoihamisha kutoka kwenye bodi na kuifunga juu ya kipande cha mpira. Tena, asubuhi zenye baridi shinikizo huruka hadi bar 1.0 kwa muda mfupi kabla ya kutulia. Jambo hilo linahitaji marekebisho mengine ya programu, na mpaka yafanyike, hewa ikiwa baridi sikanyagi mafuta hadi mwisho.