Gripu nene au ya kawaida kwenye fimbo za gofu?

Gripu ni kifuniko cha sehemu ya fimbo unayoishika. Kwanza jipime. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, shika fimbo kwa kushoto: ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kidogo tu nyama iliyo chini ya dole gumba. Zikiizamia, gripu ni nyembamba. Zisipofika, ni nene mno.

Ya kawaida hushinda kwa bei na upatikanaji, na huacha vifundo vya mkono vizunguke kwa urahisi. Mwenye kiganja kikubwa, hata hivyo, huishia kuikaba.

Nene humfaa huyo, na zaidi mwenye baridi yabisi, kwa kuwa haimlazimu kukunja vidole sana. Mchezaji gofu Mmarekani Bryson DeChambeau hutumia nene kupindukia na ameshinda US Open mara 2, 2020 na 2024. Kasoro ya gripu nene ni uzito: gramu 4 au 5 zikiongezeka mkononi, kichwa cha fimbo huanza kuhisika chepesi. Wazee wa viwanjani husema nyembamba hupeleka mpira kushoto na nene kulia. Mimi siamini kwamba ni sheria, mikono hutofautiana.

Matunzo ni yale yale, maji ya vuguvugu na sabuni, hasa kwa jasho la Mombasa au Dar es Salaam.

Ukiwa katikati ya saizi hizo mbili, bakia na ya kawaida na mwambie fundi azungushie tepu chini yake. Baridi yabisi ikikusumbua, nenda moja kwa moja kwenye nene.