Kupima boroni ya udongo: nyota nne, ya tano bado naishikilia

Nina miti 340 ya parachichi aina ya Hass huku Njombe. Msimu uliopita matunda mengi yalipinda upande mmoja kama mundu. Bwana shamba akasema nipime kwanza boroni, kirutubisho cha udongo ambacho mti unahitaji kidogo sana, nisiweke kitu kwa kukisia, maana ikipungua matunda yanaharibika, na ikizidi kidogo tu majani yanaungua kingo.

Nikachota udongo sehemu 15, kina cha sentimita 20, nikauchanganya kwenye ndoo ya plastiki na kuuanika kivulini. Kisha nikaugawa mifuko miwili yenye majina tofauti, nikaipeleka maabara siku moja. Baada ya wiki mbili majibu yakaja: mfuko mmoja miligramu 0.3 kwa kilo, mwingine 1.2. Udongo ule ule! Kwa jibu la kwanza ningenunua boraksi, yaani chumvi ya kuongeza boroni, kwa la pili nisingethubutu.

Nilirudi na karatasi zote mbili. Kijana wa zamu hakununa. Akaniingiza ndani akanionyesha kazi inavyofanyika: udongo unachemshwa na maji dakika tano, unachujwa, maji yanatiwa dawa inayoleta rangi ya njano, na mashine inasoma ukolevu wa rangi hiyo. Akashika chupa moja ya kioo iliyochakaa hadi haionyeshi vizuri. "Mama, mfuko wako wa pili ulichemshiwa humu." Kumbe kioo cha maabara kinachostahimili moto kina boroni ndani yake, na kinaweza kuiachia kwenye maji ya moto. Tena udongo wenye mboji nyingi kama wetu hutoa maji ya rangi ya chai, na mashine inaweza kuihesabu rangi hiyo kuwa ni boroni.

Walirudia bure, mifuko yote miwili kwenye vyombo vya plastiki, saa mkononi, na pembeni chombo cha maji matupu yasiyo na udongo, ili boroni inayotoka maabarani ionekane na kuondolewa kwenye hesabu. Nikapata 0.34 na 0.36. Hapo nikanunua boraksi.

Huduma ni nzuri na wanakubali kosa. Nyota ya tano nitawapa siku watakapoandika jibu la maji matupu kwenye kila ripoti bila kuombwa. Jirani yangu alipeleka mfuko mmoja tu mwezi ule ule, akaambiwa boroni inamtosha. Nimemwambia arudi nao.